Mabua ya Upande Wangu

2 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini hujambo, maana nakusikia ukigonga nyundo kwenye mashine kila asubuhi, na mgonjwa hagongi hivyo. Mimi mzima. Ng'ombe sita nao wazima.

Sikuandikii kwa mapenzi. Nimemtuma mkeo kwa sababu tukionana tutatukanana mbele ya majirani. Mwaka jana ulivuna ngano ya upande wangu wa shamba ukaniachia vumbi. Mabua uliyasaga kama tumbaku, fundi wa marobota, yule anayeyafunga mabua kwa mashine, akapita mara mbili akafunga hewa. Kiangazi kikanikuta sina cha kulisha, wakauzwa ng'ombe wawili. Baba alikuachia wewe mashine ya kuvunia, mimi akaniachia ng'ombe. Tofauti ni kwamba mashine yako haili.

Mwaka huu, kwenye nusu yangu, toa vile visu vya nyuma vinavyokatakata mabua. Punguza mwendo wa ngoma ya kupura. Kata chini, na mabua yaanguke marefu, kwa mistari. Ni hayo tu.

Dada yako

5 Julai

Dada,

Shikamoo. Kwangu wote wazima, ila mke wangu anasema yeye si posta.

Kumbe siku hizi kukamua kunamfundisha mtu umakanika? Miaka kumi na moja nakalia usukani huo. Nikipunguza ngoma, punje zinabaki kwenye masuke na kutoka nyuma pamoja na mabua. Nikikata chini, naokota mawe ambayo hujawahi kuyatoa, na jiwe moja linatosha kuharibu ngoma. Kisha utatangaza tena mbele ya shangazi zetu, kama siku ile ya kugawana mali ya Baba uliponiita mwizi, kwamba nakuibia ngano. Neno lile sijalisahau. Ng'ombe wako walishe hasira zako, zitawatosha hadi masika.

Mdogo wako

6 Julai

Wewe,

Sijambo, na sitaki kujua kama hujambo.

Punje zikibaki, zibaki, kuku wataokota. Naandika kwa mkono wangu kwamba sitakulaumu hata kwa punje moja. Neno nililosema mbele ya shangazi silirudii, wala silifuti. Lakini ukinisagia mabua tena, ng'ombe wote wataondoka, na siku hiyo ujue huna dada.

Dada yako, kwa sasa

14 Julai, saa kumi jioni

Dada,

Shikamoo. Nimemaliza upande wako. Nilianza asubuhi, unyevu kidogo ukiwa bado upo, kwa sababu bua lililokauka kabisa huvunjikavunjika hata ukienda polepole. Visu vya nyuma nimevitoa. Ngoma nimeipunguza, na wavu wa chini yake nimeulegeza. Mawe nimeyaokota kwa mikono mbele ya mashine, na nimeshuka mara tisa kukagua kama mwanafunzi. Mabua yamelala kwa mistari, marefu kama mkono wako. Punje zilizopotea ni chache kuliko nilivyokutisha.

Sikufanya kwa ajili yako, usijidanganye. Nimechoka kuona ng'ombe wa Baba wakipandishwa lori.

Mwite fundi wa marobota kesho alfajiri. Mawingu yameanza kujikusanya.

Mdogo wako

14 Julai, jioni

Barua yako nairudisha kama ilivyokuja, sijaifungua, na mkeo ni shahidi. Mashine nimeisikia ikinguruma tangu asubuhi. Umeshafanya ulilolitaka, sihitaji na matusi ya kuandikwa juu yake. Namshukuru Mungu shamba liko nyuma ya kilima, silioni. Fundi wa marobota nimemwambia aende kwa wengine.

21 Julai

Dada,

Shikamoo. Hii sikuitia kwenye bahasha, na nimemwambia mke wangu aishike wazi mbele ya macho yako. Ile uliyonirudishia iko pamoja nayo.

Mvua imenyesha siku nne. Mabua yako yalikuwa mazuri, Dada. Uliponirudishia barua nilipandwa na hasira, nikasema basi, na yaoze. Siku ya pili ya mvua nilifika hadi mlangoni kwako, nimeloa chapachapa. Nikakusikia ndani ukiosha ndoo. Nikageuka.

Mdogo wako

23 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila silali.

Nimeisoma ile barua, kisha nikaenda shambani. Juu mistari inang'aa, lakini ukiinua mabua, chini ni meusi na kuna joto kama la samadi. Nimekaa pale nikivuta bua moja moja. Yote marefu. Tangu Baba afe, hakuna aliyenilazia mabua namna ile.

Ng'ombe wanne wanaondoka Ijumaa. Wawili nitajaribu kuwavusha kiangazi, sijui nitawalisha nini, nitaona. Mwaka jana nilikuwa na wewe tu wa kulaumu, na ilikuwa rahisi. Mwaka huu tuko wawili.

Usiniandikie tena. Siku nyingine ukifika mlangoni nami nimejifungia, uvunje.

Dada yako