Kipaza Sauti Changu

Royce na Callie, wajukuu zangu,

Maharage yako jikoni hapa kwenye basi letu la ziara, yapasheni moto. Callie, gauni lako la jukwaani nimelishona pindo.

Leo asubuhi fundi wenu wa sauti amenicheka: "Bibi, usijichoshe, kipaza sauti chako tulikizima tangu onyesho la Amarillo!" Kumbe miji kumi na mmoja naimba kwa nguvu zote bila kusikika, na nyinyi nyuma ya pazia mnaniambia, "Bibi, leo umetisha!" Babu yenu alipoanzisha bendi hii ya muziki wa kantri, nilipokosea alinieleza usoni.

~~Tutaonana Tulsa.~~ Narudi nyumbani Kentucky.

Mashabiki wa Tulsa wakiniulizia kesho, msiseme naumwa. Waambieni mlinizima.

Bibi yenu