Kichwa cha Mama Mkwe na Lenzi ya Mlima

Mpendwa Shangazi, naomba msaada kabla sijatamka neno ambalo sitaweza kulirudisha mdomoni.

Mimi na mume wangu tuna studio ya picha. Yeye anapiga harusi na picha za vitambulisho, mtaa mzima unamwita Tabasamu kwa sababu ndilo neno pekee analowaambia wateja, na mimi miaka yote ni wa kupanga viti na kusafisha chunusi za watu kwenye kompyuta, lakini mwaka huu, Shangazi, nimepata kazi kwa jina langu mwenyewe, nyumba ya wageni kule milimani wanataka picha kubwa za ukutani, mlima na anga lenye nyota, na kazi hiyo lenzi za Tabasamu haziiwezi, zinaona kidogo na gizani ni vipofu, inatakiwa lenzi pana sana yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga, la sivyo utaacha kamera wazi muda mrefu mpaka nyota zigeuke mikwaruzo.

Mwenye duka ananiamini, akanipa mbili nizijaribu kisha nichague moja. Ya kwanza ni ya milimita kumi na nne, inameza dunia nzima, ila ukifungua tundu lote nyota za pembeni zinaota mbawa. Ya pili ni ya ishirini, nyota zinatulia kama nukta lakini anga linapungua. Nilikuwa bado napima.

Sasa wifi yangu akaolewa. Mimi nikawa jikoni nasugua masufuria kama kawaida ya mke wa kaka, na huku sebuleni Tabasamu anataka kupiga picha ya ukoo mzima, chumba kidogo, watu hawaenei, basi bila kuniuliza akafungua begi langu, akachomoa ile ya kumi na nne, akafurahi wote wameingia, akabofya. Na nani kasimama mwisho kabisa, ukingoni? Mama yake mzazi!

Shangazi, lenzi pana kama ile ukimsimamisha mtu pembeni inamvuta. Kila mpiga picha anajua, au anapaswa kujua. Huyu bwana hata hakuitazama vizuri, akaichapisha kubwa, akaitia kwenye fremu, akaifunua mbele ya ukoo siku ya kupongezana. Bibi harusi kapendeza. Mama mkwe kichwa kimetanuka kama boga lililolala, shavu moja linamtangulia, mkono mmoja unaweza kufungua dirisha la jirani.

Nikacheka. Jamani, nilitokea jikoni na sinia la vikombe, nikaiona, kicheko kikanitoka. Nani asingecheka?

Mama mkwe akauliza, "Nani kanifanyia hivi?" Na mume wangu, baba wa wanangu, anayeamuru harusi nzima itabasamu, akajibu, "Mama, ni ile lenzi yake huyo." Akaishia hapo! Hakusema nani aliishika. Nikafungua kinywa, wifi akanikatiza, "Ndiyo maana unacheka, ulipanga." Mama akatoka nje akilia.

Tangu siku hiyo mimi ni mchawi wa picha. Jumapili ijayo wameitisha kikao, nipige magoti niombe msamaha na lenzi irudi dukani, na Tabasamu amekaa kimya kama maji mtungini, nikimbana ananiambia, "Wewe omba tu yaishe, mama ni mtu mzima." Yaishe kwa nani? Nimekasirika mpaka nimeapa ile ya kumi na nne ndiyo nitakayochukua, hiyo hiyo, wakome! Niombe msamaha au nisiombe? Na lenzi nichukue ipi?

Mimi, Mpiga Picha, si mke wa mpiga picha.

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu Mpiga Picha,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na chai imepoa. Pole. Na hiyo pole ishike vizuri, kwa sababu baada yake kuna maneno.

Nianze na Tabasamu. Mwanamume anayemwacha mkewe aitwe mchawi kwa sababu anaogopa uso wa mama yake, huyo ana uoga, asijifiche nyuma ya heshima. Tabasamu, najua unasoma, maana wapiga picha nyote mnasoma gazeti mkitafuta picha zenu. Ulifungua begi lisilo lako, ukabofya kifaa usichokijua, ukachapisha bila kutazama, kisha ukamsukumia mwenye begi. Aibu! Mama yako angekusamehe siku ile ile, wewe ni mwanawe. Huyu wa watu nani atamsamehe?

Sasa wewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mama wa watu alijiona kageuzwa boga mbele ya wakwe wapya, akainua macho, akamwona mkaza mwanawe anacheka na sinia mkononi. Ulitegemea akupe zawadi? Kucheka ulicheka. Hilo liombee msamaha, kwa magoti na kwa moyo. Hilo tu. La picha usiliombee hata nusu sentensi, maana ukiomba msamaha wa kosa usilofanya, umelitia saini.

Kuhusu lenzi, mimi ninayoijua ni ya miwani yangu. Nikamfuata mpiga picha wetu hapa gazetini, mzee mwenye hasira kunizidi, nikamsomea. Akauliza jambo moja: "Kutoka hiyo nyumba ya wageni, mlima uko karibu au mbali?" Nikamwambia hukuandika. Akapandwa! "Mwambie aende akasimame pale barazani, achungulie kwa zote mbili. Lenzi pana inasukuma kila kitu nyuma. Kama mlima uko mbali, ile ya kumi na nne itampa anga kubwa na kichuguu. Watu wameagiza mlima! Achukue ya ishirini, na anga likipungua apige vipande aviunge, kompyuta si anaijua? Kama mlima umemkalia puani, hapo achukue ya kumi na nne, alifinye tundu la mwanga kidogo mpaka mbawa za nyota zipungue."

Umesikia? Hakuna mahali alipotaja wifi wala kikao. Na wewe ulikuwa unapima vizuri kabisa mpaka hasira ikakuingia, ukaapa kununua kioo ili kumkomesha mtu. Hasira hasara, binti yangu. Hao wakwe hawatakuwepo siku mwenye nyumba ya wageni anaitazama kazi yako. Kama mlima unataka ya ishirini, chukua ya ishirini, hata kama ukoo mzima utadhani wamekushinda.

Lakini ya kumi na nne usiirudishe kabla ya Jumapili.

Nenda nayo kikaoni. Piga magoti, omba msamaha wa kicheko, nyamaza. Kisha inuka uwaombe picha moja, mpya. Mama mkwe mweke katikati, kwenye kiti kizuri, mwambie mwenyewe, "Mama, leo wewe ndiye nguzo." Tabasamu msimamishe mwisho kabisa, ukingoni, pale pale aliposimama mama yake; hata kama keshayasoma haya, mbele ya mama yake hatakataa. Bofya. Mpelekee mama kamera mkononi, ajione alivyo mzuri, halafu amwone mwanawe kageuka boga.

Akishamaliza kucheka, na atacheka, usimweleze kitu. Muulize tu mumeo, mbele yake: "Siku ile nani alishika kamera?"

Kisha kaa kimya mpaka ajibu mwenyewe.