Jiwe la Pili Juu ya Boila

Kaka yangu,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, umetulia kitini na miwani yako iko karibu. Usimpe wifi akusomee. Huku kwetu afya zipo. Mgongo unanisumbua kidogo kwa kubeba vyuma, lakini si wa kulalamikia. Baba anakula vizuri siku hizi, tena anaomba aongezewe, jambo ambalo sikuliona kwa miaka kumi na tisa. Sababu yake utaijua.

Barua yako niliipata. Uliniomba nizipange valvu kuukuu kwenye nyumba ya boila kabla hujaja kutoa hotuba ya ufunguzi wa maonyesho, na uliniomba pia nimshawishi baba abaki nyumbani siku hiyo, asije akaaibika mbele ya wageni. Nilipofika hapo nilisonya peke yangu kama mwehu. Lakini kazi nimeifanya.

Nimefuata mpangilio wa hotuba yako uliyoiambatanisha. Kwanza lango la mbao la mfereji, lile ambalo watu wa zamani waliliinua na kulishusha kwa mikono ili kugawana maji ya mashamba. Linafuata pande la ngozi la mvukuto, linaloruhusu hewa iingie na kujifunga isirudi. Halafu koki ya shaba, unazungusha robo tu na maji yanakata. Mwisho ni valvu ya usalama ya boila letu, ile yenye mkono wa chuma uliotiwa mikato na jiwe la chuma linaloning'inia kama la mizani. Mvuke ukizidi nguvu unauinua ule mkono na kutoka nje. Mtu akitundika jiwe la pili, mvuke unakosa njia mpaka boila linapasuka. Uliandika kwamba ndiyo maana mafundi wa baadaye walitengeneza valvu za springi na kuzitia kufuli, kwa kuwa duniani hawakosekani watu wenye haraka. Una macho makavu, kaka.

Siku boila lilipopasuka ilikuwa Jumamosi. Wewe ulikuwa umeondoka Ijumaa kwenda masomoni, kwa hiyo niache nikusimulie. Mchochezi wa moto aliungua kifua na uso, akafa siku ya tatu. Kamati ya uchunguzi ilikaa asubuhi moja tu, ikasema kosa ni la baba, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipanda juu ya boila kila Jumatatu kuliweka lile jiwe kwenye mkato wake. Wakasema aliliweka mkato wa tano badala ya wa nne. Akafukuzwa kazi.

Tangu hapo kila asubuhi amekuwa akikaa kitandani, ananyoosha mkono wa kulia na kuhesabu hewani: moja, mbili, tatu, nne. Kisha ananiuliza kama inawezekana mtu akaona nne na kuweka tano. Mjane wa mchochezi akikutana naye barabarani alikuwa anavuka upande wa pili. Wewe hukuyaona hayo. Wewe uliandika kutoka huko kwamba mzee ni binadamu, tumsamehe.

Mimi sikusamehe mtu. Niliomba kazi palepale, nikajifunza valvu moja baada ya nyingine, nikiapa kwamba aliyemfanyia baba vile nitampata. Nilimshuku meneja wa wakati ule. Nilimchukia, na alipofariki nilikwenda mazishini na roho yangu kwatu. Mungu anisamehe, nilikuwa nimemwonea.

Mwezi uliopita tulizibua mtaro wa nyumba ya boila ili wageni wasikanyage matope. Chini kabisa, ndani ya majivu yaliyoganda, nilitoa kipande cha chuma kikubwa kama ngumi mbili, kina ndoano juu. Nilikiloweka kwenye mafuta ya taa, nikakisugua kwa brashi ya waya. Chini yake kulikuwa na nukta tatu.

Unajua karakana yetu. Kila mkereza vyuma alikuwa na alama yake, ili kazi mbovu irudishwe kwa mwenyewe, na daftari la alama bado lipo kabatini. Nukta tatu ni zako. Mkono wako ulizoea mno kiasi kwamba uliipiga alama hata kwenye kitu ulichokichonga kwa siri. Nilikaa juu ya majivu yale. Nikakumbuka kwamba wiki ile mapipa ya kuchemshia rangi yalikuwa yanakosa mvuke, na meneja aliahidi kumpeleka masomoni atakayetibu tatizo. Ulilitibu Jumatano, kwa kutundika jiwe hili la pili. Baba alikuwa hatapanda tena juu mpaka Jumatatu.

Sasa niungame yangu. Sikukuandikia kwanza kukuuliza. Sikutaka kukupa nafasi ya kutunga uongo. Nilikipeleka kile chuma kwa baba, nikamwekea kiganjani. Alikipima uzito, akapitisha kidole gumba kwenye zile nukta ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyekufundisha kuzipiga. Kisha akasema, "Kumbe mkono wangu haukukosea." Akaomba chakula. Nikaenda kwa mjane nikamweleza yote, naye akaja kwa baba siku ileile, wakalia pamoja mpaka adhuhuri.

Chuma hicho sasa kimo ndani ya kioo, cha mwisho kwenye mstari, hatua mbili kutoka utakaposimama. Kibao chake nimekiandika mimi: kilifanya nini, kilimuua nani, na alama ile ni ya nani. Meneja mpya alilinganisha na daftari, akatia saini. Anasema mwaliko wako haujafutwa, uamuzi ni wako. Baba atakaa mstari wa mbele pamoja na mjane. Njoo, kaka. Nakuomba kwa moyo wote uje. Sikufichi, sijawahi kuisubiri siku kwa raha namna hii.

Wifi na watoto wasalimie sana, wao hawana kosa. Wazee wa karakana wanakukumbuka. Baba nilimuuliza mara mbili kama ana salamu za kumpa kaka. Mara ya kwanza alinisogezea sahani nimwongezee chakula. Mara ya pili akaniuliza, kaka gani.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa valvu