Maharage ya Mama Mkwe na Baridi ya Aprili

Jumapili, 12 Aprili

Maharage yametoka! Mistari sita, na pembeni mahindi mistari miwili. Mama mkwe kasimama katikati ya kishamba chetu cha kukodi kwa council, halmashauri ya hapa, kavaa koti langu la kazini, kofia, na kanga juu ya kofia. Kacheka. Tangu aje London Januari kutulelea mtoto wetu Ndeshi sijamwona akicheka hivyo. Miezi mitatu amekaa kajikunja kando ya hita.

Alipanda mwisho wa Machi. Jua liliwaka wiki nzima, mvua ikafuata siku tatu — kwake hiyo ni masika, mjadala umefungwa. Mbegu? Maharage ya kupikia, ya dukani Ilford Lane, kachagua punje moja moja kwenye sinia.

Hansa, jirani yetu wa kishamba, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, bado hajatoa hata mche nje. Alimwambia Mama kwa upole kwamba hapa maharage hupandwa katikati ya Mei. Mama akaitikia vizuri sana. Kufika kwenye gari akamwambia Ndeshi: baba yake huyu Hansa alikuwa muuza duka, mimi nimelima miaka hamsini.

Nilijua Hansa yuko sahihi. Nikawasha gari. Kwetu Rombo mama mkwe humpingi usoni.

Jumatano, 15 Aprili

Mwelekeo wa hali ya hewa umetoka. Nimeusoma kantini kabla ya kuchukua basi ninaloendesha. London na kusini-mashariki yote: vuguvugu mpaka wikendi, kisha hewa ya kaskazini. Usiku wa tarehe 23 na 24 kunaganda. Mwisho wa mwezi joto linapanda, nyuzi ishirini na zaidi. Yaani siku mbili tu! Siku mbili za ushenzi katika mwezi mzuri.

Mke wangu Haika kasema mwambie wewe, mimi mwanawe nikimwambia atasema nimekuwa Mzungu. Basi nikatumia njia yetu ya siku zote. Nikampakata Ndeshi, nikapaza sauti: Ndeshi, mwambie Bibi wiki ijayo barafu inashuka. Ndeshi ana miezi minane. Akatoa udenda. Bibi akamjibu, macho kwenye mchele anaochambua: mwambie baba yako barafu nimeiona maisha yangu yote, iko juu ya mlima, haijawahi kuteremka Machame kula maharage ya mtu.

Nikamfuta Ndeshi udenda. 

Jumamosi, 18 Aprili

Mambo si mambo. Mama kamwambia Haika asogeze tiketi ya kurudi, aondoke mapema. Magoti yanamuuma, jua la hapa anasema ni picha tu. Kilichomshika ni maharage. Yakikubali, atakaa mpaka Julai kama tulivyopanga. Yakikataa — nchi inayokataa hata maharage, yeye haiwezi.

Haika kalia bafuni, kafungulia maji ili nisisikie. Nimesikia. Mama akiondoka, nani abaki na mtoto? Mimi natoka saa kumi alfajiri. Haika itabidi aiache kazi yake ya wodini, na nafasi ile kaisubiri miaka minne.

Na aliyetakiwa kumwambia barafu inakuja Alhamisi ni nani? Mimi. Najiambia ni heshima. Ni woga, Protas! Woga mtupu.

Jumanne, 21 Aprili

Nyuzi kumi na sita. Mama kapalilia. Kaimba. Sikusema.

Alhamisi, 23 Aprili

Mbingu nyeupee, hakuna wingu hata moja. Hiyo ndiyo mbaya. Simu inasema mbili chini ya sifuri. Haika yuko wodini mpaka saa mbili. Nikarudi saa tisa nimekariri maneno njia nzima, nikamtafuta Ndeshi wa kumtuma. Kalala fofofo!

Basi nikasimama mlangoni, kofia mkononi kama niko kanisani. Nikasema: Mama, leo maharage yako yatakufa.

Alinitazama. Miaka sita ya ndoa, sidhani kama alishawahi kunitazama hivyo. Nikatamani sakafu inimeze. Akauliza: ulijua lini? Nikasema wiki iliyopita. Akauliza tena: na ulikuwa unamwambia mtoto?

Kisha akainuka, magoti na yote, akafungua sanduku. Vitenge vyote nje. Cha harusi ya Haika kimo! Tukambeba Ndeshi usingizini. Hansa tulimkuta anatusubiri getini na furushi la vitambaa vyeupe vya kufunikia mimea. Akasema, "Mama, mimi nilijua utakuja. Hebu shika huku, tufunike mbio kabla jua haijaingia." Mama akashika. Hakusema neno la duka.

Tulifunika mistari sita, mawe kwenye pindo. Kwa mahindi vitambaa vikaisha. Mama kavua koti langu, kalitandaza juu ya mashina manne, tukarudi anatetemeka. Haika alitukuta mezani na uji, sanduku liko wazi tupu. Akavuta kiti.

Ijumaa, 24 Aprili

Vioo vya basi vimeganda alfajiri, nyasi za gereji nyeupe kama chumvi. Zamu nzima natazama nyasi.

Saa nane tukafunua. Mstari wa kwanza — hai! Wa pili hai! Yote sita! Kando kando majani machache yameungua, basi. Nimepiga kelele, mzee wa kishamba cha tatu kaangusha birika. Mahindi yamekuwa meusi, yamelala, isipokuwa manne ya chini ya koti. Mama kayagusa kwa kidole. Akasema: haya ni makosa yangu. Akaomba vitambaa vikae usiku mmoja zaidi.

Haika kauliza kuhusu tiketi. Mama kajibu: tiketi gani, wewe, leta mbegu ya mahindi. Nimepumua hadi mbavu zimeuma.

Jumamosi, 2 Mei

Nyuzi ishirini na tatu! Mama kavua sweta. Mikono yake nilikuwa nimeisahau.

Anapanda mahindi upya, Hansa kaleta chai na thepla, chapati zao za viungo, wanabishana nafasi kati ya shimo na shimo kama wamekua pamoja. Hansa akataja tu kwamba mahindi ya hapa huwa tayari Septemba.  Akakunja vidole: Mei, Juni, Julai. Viza inaisha tarehe ishirini na nne Julai. Akakunja viwili zaidi.

Kisha akanigeukia: "Baba Ndeshi, hao watu wa viza, mambo ya mavuno wanayaelewa?"

Wiki mbili nililala na maneno ya kumbembeleza abaki. Ya kumwambia viza haingoji mahindi, lazima aondoke, sina hata moja. Haika yuko wodini, hapokei simu. Nimesema naenda kuchota maji. Naandika hapa bombani, kwenye simu. Ndoo imeshajaa zamani, inamwagika.

Ananiita tena.