Vitanda Vilivyotandikwa Kitanga

Kasulu, Jumatano usiku

Laiti Mama Neema angewaacha watoto wacheze na matope yao.

Mfuko ule wa familia tajiri, unaofadhili vituo vya watoto, haupokei maombi. Hutuma mtu wao aangalie kimyakimya, kisha wao ndio wanaokualika kuomba ufadhili. Mama Neema, anayelea watoto viziwi kule Kitanga, ameusubiri mwaliko huo tangu mfadhili wake aondoke. Bila huo atafunga kituo.

Leo mtu wao amekuja, nikampeleka. Sijui nani alimnong'oneza Mama Neema kwamba tunakuja. Tumekuta sakafu inang'aa, vitanda vimetandikwa, mtoto hakuna hata mmoja.

"Watoto wako wapi, mama?" mgeni akauliza.

"Nimewarudisha kwao, baba. Mgeni mkubwa kama wewe nikupokee kwenye vurugu?"

Alisema kwa fahari, akatukaribisha ugali na kuku.

Njiani mgeni akaniuliza kama kituo kina watoto kweli. Nikamwambia nimewaona mwenyewe, mara nyingi. Akatazama dirishani hadi tulipofika mjini.

Jioni Mama Neema akapiga simu.

"Kaka, amependa usafi wetu?"

Nikamjibu kwamba usafi ameuona. Akacheka kwa furaha, nami sikumwambia kwamba mgeni ameniuliza kama ana watoto kweli.