Karatasi ya Issa

Newala, Jumatano

Redio imesema uongo, na hilo nimelisema mbele ya kila mtu. Mkutano wa chama kipya cha mwanangu Issa ulikuwa na watu nusu uwanja. Nilikuwepo, nimekaa chini juu ya kanga yangu. Redio ikasema walikuja watoto tu, kushangaa gari. Jirani yangu Mama Fatu anasema redio ya serikali haikosei. Tangu nimbishie haji tena tubangue korosho pamoja.

Leo Issa kaja na barua ya malalamiko, nitie sahihi kama shahidi. Jina langu najua kuliandika, nilifundishwa kisomoni uzeeni. Nikamwambia anisomee kwanza. Kumbe wameandika uwanja ulifurika mpaka barabarani.

"Issa, huo nao uongo."

"Mama, wao wanatudanganya kila siku."

"Basi andika nusu uwanja, nitie sahihi sasa hivi."

Akakunja karatasi akaondoka, ugali wa muhogo hakuugusa. Sasa sina hata wa kugombana naye.

Kesho nitampelekea Issa ndoo ya maji, najua kwake yamekwisha. Asiponifungulia nitaiacha mlangoni.