Ruhusa ya Kumfokea Baba wa Mtu

Laurel, Maryland,
Marekani.
Jumatatu, 10 Novemba 1997.

Mpendwa Kaka Zefania,

Shikamoo. Najua hapo ulipo umeshaitikia marahaba, kwa hiyo naendelea. Habari za Tukuyu? Mguu wa wifi Anna unaendeleaje, ameacha ubishi akaufunga ile bandeji? Mama anakula vizuri? Tunasikia mvua ya huko imekataa kukatika na barabara ya Mbeya imekuwa tope tupu. Tunawaombea kila jioni, mimi na shemeji yako Method, ingawa Method akishafumba macho kwa sala huwa hayafumbui tena mpaka asubuhi.

Sisi huku wazima kabisa. Baridi imeingia, makoti nimeshayatoa sandukuni. Kazi kule kwenye nyumba ya wazee ni ileile, migongo yetu tunaijua wenyewe. Barua hii anakuja nayo Edah, binti wa Mzee Mwakipesile, anayekuja huko kwenye harusi ya dada yake. Ningeitia posta ingekufikia Krismasi, na jambo lililomo haliwezi kungoja. Usishtuke kaka, si msiba. Ni furaha, ila furaha yenyewe nimeipata kwa kutumia jina lako bila kukuuliza.

Linamhusu mwanao Lusekelo.

Unajua chuo kinamsomesha kwa sababu ya mpira. Sasa huu si mpira wetu. Huu una umbo la yai, unashikwa kwa mikono, na vijana wanavaa kofia ngumu halafu wanagongana mpaka wewe mtazamaji unaumia mbavu. Wanaoshambulia wana kundi lao na wanaolinda wana kundi lao. Luse yuko kwa walinzi, anasimama katikati, nyuma ya mijibaba mikubwa isiyopita mlangoni kwangu. Kazi yake ni kuwasoma wapinzani kabla mpira haujaanza, kisha awapigie wenzake kelele: wewe sogea kushoto, wewe rudi nyuma. Yeye akinyamaza, ngome nzima haijui iende wapi.

Basi mwaka huu ngome yetu ilikuwa uchochoro! Kila Jumamosi tunafungwa mpaka aibu. Na hapa mpira wa chuo ni ugonjwa wa mji mzima, usidhani ni mambo ya wanafunzi tu. Ukipanda basi watu wanajadili ngome. Ukifungua redio watu wanapiga simu kumfundisha kocha kazi. Hata mzee mmoja ninayemwogesha kazini, ambaye jina langu hulisahau kila siku, ngome haisahau.

Lakini bunge lenyewe liko Langley Park, kwa kinyozi wetu Gichuki, Mkenya mmoja mwenye mdomo kuliko mashine yake ya kunyolea. Method siku hizi ananyolewa kila wiki, na nywele zenyewe ziko wapi? Anafuata ubishi. Gichuki anapiga kelele, "Mazee, hii defense ni ovyo! Hao wanono wa mbele watolewe wote, waletwe watu wa mbio!" Method anajibu kwamba unene si kosa, kosa ni chakula, mtu atazuiaje watu kwa mkate na soseji. Kaka, mume wangu alipiga simu redioni! Akawaambia vijana wapewe ugali asubuhi ya mechi. Mtangazaji akamuuliza ugali unapikwaje, na huyu mtu ambaye mwiko kwake ni kitu cha kupishana nacho jikoni, akaeleza yote kama mpishi wa harusi. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni.

Kicheko kilikatika Luse alipokuja nyumbani kwetu Jumapili ya wiki iliyopita. Kocha alikuwa amemwita pembeni. Alimwambia anaona hajui kuusoma mchezo, na kwamba amebakiza mechi moja. Ngome isipokaa sawa, atakwenda benchi. Na ufadhili wake kaka hutolewa mwaka kwa mwaka. Anayemaliza msimu benchi, hakuna anayemwahidi chochote. Sisi ada ya hapa hatuiwezi hata tukiuza gari na Method juu yake. Mtoto yuko mwaka wa pili tu, na wewe unajua alivyoulilia huo uhandisi. Nilimpakulia chakula, hakula. Nikaogopa sana.

Siku hiyohiyo Gichuki akaja na kanda ya video ya mechi iliyopita. Wanaume wakajazana sebuleni, wanarudisha mkanda nyuma, wanapeleka mbele, kila mtu na dawa yake. Na Luse kakaa kwenye kigoda kimya, wakubwa wanamjadili mbele yake, naye hata kusema "hapana, si hivyo" hathubutu.

Mimi mchezo siujui, lakini mwanangu namjua. Nikasimama na sinia la chai nikatazama. Kabla mpira haujaanza, Luse anamwendea yule jibaba wa mbele, anainama kidogo, anamgusa bega, anamsemesha taratibu sikioni. Kisha anamwendea wa pili, hivyohivyo, kama anaomba chumvi kwa jirani. Kabla hajamfikia wa tatu mpira umeanza, na wapinzani wameshapita!

Nikamuuliza, "Luse, unamwambia nini huyo?"

"Asogee kushoto, shangazi."

"Sasa si umpigie kelele tu palepale ulipo?"

Akaangalia chini. "Shangazi, Terrence ni mwaka wa nne. Ana mtoto. Nitamfokeaje baba wa mtu?"

Jamani! Gichuki akaanguka kwenye kochi kwa kicheko, na Method akampokea. Mimi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Chuo kizima na redio yake wanatafuta ugonjwa wa ngome, kumbe ugonjwa ni malezi yako na yangu! Method akamwambia, acha ujinga, wewe fokea tu. Lakini Luse akatikisa kichwa. Akasema siku ulipomsindikiza uwanja wa ndege Dar es Salaam aje kwangu nimlee, ana miaka kumi na miwili, ulimshika mkono ukamwambia huko aendako usije ukasikia amempandishia sauti mtu aliyemzidi. Alimjibu kocha "ndiyo bwana" kila alipoambiwa apaze sauti, akaenda uwanjani akajaribu, sauti ikagoma kutoka.

Tulipiga simu hospitali ya misheni, ambako huwa unaitwa kupokea simu, kukutafuta. Laini imekufa kwa mvua. Jumatatu tena, Jumanne tena, kimya. Sasa kaka ungefanya nini ungekuwa mimi? Kwetu dada wa baba ni baba. Ijumaa nikamfuata bwenini kwake, nikajifunga kitenge juu ya koti, nikamkalisha. Nikamwambia: kwa jina la baba yako Zefania, kesho kipenga kikilia, ndani ya ile mistari myeupe hakuna mkubwa wako. Ukitoka nje ya mistari, shikamoo zinarudi kama kawaida.

Akafikiri. Akaniuliza kama anaweza angalau kumwita kaka.

Nikamwambia mwite hata babu, ilimradi asikie!

Jumamosi nilibadilishana zamu na Chelagat, yule muuguzi wa Eldoret, nikaenda na makoti mawili. Mwanzo, yaleyale. Luse akainama, akanong'ona, wapinzani wakapita. Method akafunika uso kwa kofia. Gichuki akaanza kutukana kwa Kikuyu, afadhali mimi sikielewi. Nami uvumilivu ukaniishia. Nikapanda juu ya benchi nikaita kwa nguvu zangu zote, "Luse! Baba yako amekuruhusu!" Watu wote wakageuka kunitazama. Sikuwajali.

Kaka, akageuka na yeye. Halafu nikaisikia sauti ya marehemu baba akiita ng'ombe ng'ambo ya mto. Ileile! "KAKA TERRENCE! KUSHOTO!" Kaka kwa Kiswahili, kushoto kwa Kiingereza. Yule jibaba alishtuka, akasogea kushoto, na mwenye mpira akaja kumwangukia kifuani. Nikapiga vigelegele. Kutoka hapo akawa haachi. Kaka huyu, kaka yule, rudi, banana, huyo anakuja! Mwishoni wapinzani walibakiza hatua chache tu waingie watushinde, dakika zimekwisha, na mwanao akawapanga wakubwa zake wote kwa sauti iliyokwaruza, wakasimama, hawakupita. Tumeshinda, ishirini kwa kumi na saba. Method alimbusu Gichuki kipara.

Baada ya mechi Terrence alikuja na binti yake mdogo begani, akaniuliza hilo neno kaka maana yake nini. Nikamweleza. Akasema kwao alizaliwa peke yake, basi Luse asije akaacha kumwita hivyo. Nilimkumbatia, ingawa mikono yangu haikufika nyuma. Na kocha amesema nafasi ya katikati ni ya Luse, na mwaka ujao anamtaka.

Huko kwa kinyozi wameshagawana ushindi. Gichuki anasema wanono wamepunguza uzito, Method anasema ni ugali. Luse hakula ugali wowote.

Sasa kaka, ndilo hili. Jana Luse aliniuliza, "Shangazi, baba aliruhusu kweli?" Nikamwambia ndiyo. Jumapili ya tarehe 23 atapiga simu hospitali, laini ikiwa imepona, na swali lake la kwanza litakuwa hilo. Ukisema hukuruhusu, sauti yake itarudi tumboni na benchi linamngoja. Mwambie uliruhusu. Na umwambie kwa kelele, kaka, usimnong'oneze, maana maishani mwake hajawahi kukusikia ukipaza sauti.

Msalimie wifi Anna, mbusu Mama mashavu yote mawili, na mdogo wa Luse, Tito, mwambie viatu vyake anavileta Edah. Mungu awalinde na mvua hiyo, awape kicheko kama alichotupa sisi.

Mimi dada yako akupendaye, niliyekuwa wewe kwa Jumamosi moja,

Adela